Mwaridi wa Ukutani na Mikono ya Spès

Mwezi wa kumi watu wanaopita mbele ya nyumba yetu hapa Kensington husimama, na wengine hutoa simu wakapiga picha. Ukuta wa mbele, kuanzia usawa wa kiuno hadi juu kabisa, hufunikwa na mawaridi ya rangi ambayo sijaiona kwenye kitambaa chochote: nyekundu inayoelekea chungwa, na kwa nyuma kila petali ni ya manjano. Spès huiita rangi ya mawese yanayochemka. Mpita njia akinisifu, mimi humwambia kwamba sifa si zangu. Mti ulipandwa na marehemu mume wangu, Karimu Bakiri, na aliyeufanya uwe hivi ni mwanamke wa Kirundi anayeitwa Spès. Karimu anajulikana na kila mtu wa Tanga aliyewahi kukaa Johannesburg, kwa hiyo hahitaji kalamu yangu. Spès hajulikani vya kutosha, na kuna kipindi alijulikana vibaya kwa sababu yangu. Ndiyo maana naandika habari zake, na ninaziandika kwa shukrani.

Alizaliwa Rumonge, upande wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo Kiswahili ni cha nyumbani na michikichi huota hadi kwenye vizingiti vya milango. Vita vilipofika kwao alikuwa na miaka kumi na minne. Alivuka na mama yake hadi kambini Kigoma, akakulia huko, akaolewa huko, na mwaka ambao binti yake Ariane alianza kutembea, mumewe aliwaleta Afrika Kusini. Mume akaenda Durban kutafuta kazi na hakurudi. Spès hulieleza jambo hilo kwa sentensi hiyo moja, bila kupunguza wala kuongeza, kisha hubadilisha mazungumzo.

Kazi yake ya kwanza mjini hapa ilikuwa kusugua sakafu kwa mjane mmoja wa Kireno, huko Bezuidenhout Valley. Yule bibi alikuwa na miwaridi arobaini na mgongo usiokunjika. Asubuhi moja ya baridi alimwita Spès nje, akakalia kiti katikati ya bustani, akamkabidhi mkasi wa kupogolea, na yeye akashika fimbo. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Kireno Spès hakukijua, Kifaransa bibi hakukitaka, na Kiingereza kiliwashinda wote wawili. Fimbo ikigonga tawi mara moja, maana yake kata. Ikigonga mara mbili, acha. Ikigonga mkono wa Spès, maana yake alikuwa ameshakosea. Walifanya hivyo kwa miaka kumi na moja. Bibi alipofariki, nyumba iliuzwa, na wenye nyumba wapya waling'oa miwaridi yote arobaini wakasakafia uwanja ili waegeshe magari. Spès aliniambia kwamba alisimama ng'ambo ya barabara akatazama mpaka mti wa mwisho ulipong'olewa, kwa sababu aliona ni kukosa adabu kuondoka katikati.

Baada ya hapo alianza kupita nyumba kwa nyumba. Kwangu alifika wiki ileile nilipotoka eda. Kwa miezi minne na siku kumi mwaridi ulikuwa umejifanyia mambo yake, na matawi yalikuwa yanawachania nguo wapita njia. Aligonga geti, akasema, "Mama, mti wenu una njaa."

"Nani amekufundisha kuujua mti wenye njaa?"

"Fimbo," alisema, na ndipo nilipomsikia akicheka mara ya kwanza.

Nilimwajiri siku hiyo. Sina budi kusema alivyonifaa, maana hakunifaa kwa bustani tu. Wiki ambazo mabomba hukauka, kama yanavyokauka siku hizi, yeye ndiye aliyetuwekea ndoo chini ya kila mfereji ili maji ya udhu na ya kuoshea mchele yasipotee, akayapeleka kwenye mti. Binti yangu Ummi, aliyezaliwa hapa na ambaye Kiswahili alikielewa bila kukisema, aliketi naye nje akimshikia kamba, na polepole ulimi wake ulifunguka. Ukweli ni kwamba ulifunguka kwa namna ya Rumonge. Siku aliponiambia, "Mama, ile chai iko moto mingi," nilijifungia chumbani nikacheka, halafu nikamshukuru Mungu. Miaka yote niliyomsahihisha haikunipatia sentensi nzima.

Mwaka jana Ummi alichumbiwa na kijana kutoka Zanzibar, wa watu wenye heshima zao. Harusi ilipangwa wiki ya pili ya mwezi wa kumi. Mama yake kijana alinipigia simu kuhusu maua ya bibi harusi, maana kwetu sisi wa pwani bibi harusi haingii ndani bila waridi na asumini, na maua hayo hutoka upande wa mama yake. Akaniuliza kwa upole ulioviringwa vizuri, "Huko kwenu Johannesburg mtayapata wapi, bibi? Au mtanunua ya plastiki?" Nilimjibu kwamba maua yatatoka kwenye ukuta wa baba yake bibi harusi. Hilo lilikuwa neno langu, na katika nyumba ya Bakiri neno likishatoka halirudishwi.

Mwezi wa saba Spès aliniambia, "Mama, kama unataka maua ya kujaza masinia, mwaka huu niachie mti mimi mwenyewe. Usinishike mkono."

Miaka yote nilikuwa nikimshika mkono. Karimu aliyafunga matawi makubwa yakiwa yamesimama wima kama walinzi, na mimi sikuruhusu yaguswe. Mwaka ule nilikubali, nikaenda zangu madukani. Niliporudi, ukuta ulikuwa mtupu. Hapakuwa na jani hata moja. Matawi mawili ya zamani yalikuwa yamekatwa kuanzia chini. Yale ya Karimu yaliyobaki yalikuwa yamelazwa ubavu kwenye nyaya, yamenyooka kulia na kushoto kama nguo zilizoanikwa. Na chini, juu ya gunia, kulikuwa na chipukizi la kijani lenye unene wa kidole gumba, refu kunipita, ambalo lilikuwa limeng'olewa kwa mkono, hata halikukatwa.

"Hili ulilong'oa ni nini?" nilimuuliza.

"Hilo la pori, mama. Lilikuwa linakula chakula cha mwenzake."

"Ndilo lililokuwa na afya kuliko mengine yote."

"Ndiyo, maana ndilo lililokuwa linakula."

"Na haya ya baba Ummi? Aliyafunga kwa mikono yake, yamesimama."

"Baba alifunga vizuri sana. Lakini yakisimama, maua yanakwenda juu kutazama mawingu, na sisi huku chini tunabaki na miiba. Yakilala, kila jicho linaamka. Bon, ngoja mwezi wa kumi utaona."

Sikungoja. Nilifundisha bayolojia shule ya sekondari Tanga kwa miaka kumi na tisa, na nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwamba nilikuwa nafundisha mimea kabla yeye hajajua kusoma jina lake. Nikamwambia akusanye vitu vyake.

Alivikusanya bila haraka. Getini aligeuka akasema, "Unikasirikie mimi, mama, sawa. Lakini matawi usiyainue."

Alhamisi iliyofuata tulikutana kwenye kisomo nyumbani kwa Saida, Troyeville. Saida ni mtu wa Dar es Salaam, mkarimu wa chai na mwenye ulimi usiomsaza mtu. Baada ya Yasini aliniuliza kwa nini nimenuna, nami nikasema mbele ya wanawake wanane kwamba Spès ameua mwaridi wa marehemu, kwamba hajui kutofautisha mti na kuni, na kwamba mwenye bustani na amwangalie. Watano kati ya wale walikuwa wakimwajiri. Mimi ni Mwalimu Bushra. Nikisema jambo la mimea, nani atauliza mara ya pili? Kabla ya mwisho wa wiki wote watano walikuwa wamemwachisha kazi.

Mwezi wa nane, joto liliporudi, karibu na pale Spès alipong'oa pakatoka chipukizi jingine la kijani. Nilifurahi kana kwamba nimeletewa barua. Nililimwagilia, nikalifunga wima kwa utepe, na wanawake walipokuja kunitembelea niliwapeleka kulitazama. Wakasema mashallah. Yale matawi yaliyolazwa sikuyainua, na si kwa sababu ya kumtii Spès. Yalikuwa magumu na yenye miiba, na vidole vyangu havikuyaweza.

Kufikia katikati ya mwezi wa tisa, kila jicho la yale matawi yaliyolala lilikuwa limetoa tawi dogo, na kila tawi dogo lilikuwa na tumba. Miaka yote ya nyuma maua yalikaa juu ya ukuta, upande wa jirani. Sasa matumba yalikuwa usawa wa kifua changu, safu juu ya safu. Kwenye kisomo wanawake waliniambia, "Mwalimu, mkono wako una baraka, umeufufua." Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu na nikaipokea sifa hiyo.

Jumapili moja Ummi alikuwa amesimama mbele ya ukuta na kikombe chake. "Mama, hili lako refu mbona halina hata tumba moja?"

"Bado changa."

"Na majani yake si kama ya wenzake."

Aliingia ndani. Mimi nilipiga magoti, nikafukua udongo kwenye shina kwa vidole. Chini kidogo nilikuta kovu nene, kama fundo la kiwiko, pale ambapo mti mmoja umebebeshwa juu ya mwingine. Matawi yote ya Karimu yalitoka juu ya kovu hilo. Chipukizi langu lilitoka chini yake.

Babu yangu alikuwa na shamba la michungwa Muheza. Kila mchungwa ulibebeshwa juu ya mlimau, na kazi yetu watoto ilikuwa kupita mstari kwa mstari tukiyang'oa machipukizi ya mlimau yanayotoka chini ya kovu, maana ukiyaacha, mlimau hunyonya chakula chote na mchungwa hufa juu yake. Tulikatazwa kuyakata. Tuliambiwa tuyang'oe, yasirudi. Baadaye nililifundisha somo hilohilo darasani, kwa mchoro ubaoni, mwaka baada ya mwaka. Lakini mti wa maua, uliopandwa na mume wangu ukutani mwa nyumba yangu, sikuufikiria kama kitu kilichobebeshwa. Niliuona kama wa ukoo. Mwanamke aliyefundishwa kwa kugongwa mkono na fimbo aliliona kovu siku ya kwanza, na mimi mwenye cheti nilililea pori na kulifunga utepe.

Nililing'oa lile chipukizi, nikafukia udongo. Ningeweza kuishia hapo. Hapakuwa na mtu aliyejua. Mti ungechanua, Zanzibar wangeyaona maua, jina la Bakiri lingebaki safi, na watu wangeendelea kusifu mkono wangu. Alhamisi iliyofuata nilikwenda kwa Saida nikiwa nimeamua kusema, na nikarudi nyumbani bila kusema. Nilijiambia ningoje harusi ipite.

Jumatatu nilishuka Marshalltown kufuata vitambaa vya bibi harusi. Kwenye kona, karibu na robot, kama zinavyoitwa hapa taa za barabarani, kulikuwa na mwanamke ameketi kwenye kreti, amepanga mafungu ya spinachi na sponji za kuogea juu ya kadibodi. Alikuwa Spès. Nilitaka kugeuka, lakini alikuwa ameshaniona.

"Karibu, mama," alisema. "Mwaridi unaendeleaje? Yale matawi uliyainua?"

"Sikuyainua."

Akavuta pumzi. "Mungu asante. Miye sikulala vizuri kwa ajili ya yale matawi."

Nilisimama pale na mfuko wangu. Watu walitupita huku na huku. Nikamwambia kwamba nimeliona kovu, kwamba yeye alikuwa sahihi tangu mwanzo, na kwamba namwomba radhi na arudi kazini hata kesho.

Alimpa mteja fungu la spinachi, akamwambia, "Sharp," kama wanavyoagana mjini hapa, kisha akanigeukia. "Radhi nimekupa, mama. Wewe umenilisha miaka mingi, siwezi kukuwekea kinyongo. Lakini kurudi siwezi."

"Kwa nini?"

"Nikirudi kwako, watu watasema Mwalimu ana huruma, amemrudisha yule asiyejua kazi. Mimi sina kitu kingine, mama. Sina nyumba, sina ukoo hapa, sina karatasi ya shule. Nina hiki tu, kwamba watu wakisema Spès, wanasema anajua waridi. Wewe ulikitoa kule Troyeville. Siyo mimi wa kwenda kukichukua."

"Unataka niseme mbele yao?"

"Maneno yalitokea pale," alisema. "Hapa kwenye robot hayanisaidii."

Njiani kurudi nililipima jambo lile kwa namna zote. Kukiri mbele ya wanawake wanane, wiki mbili kabla ya harusi, kwamba Mwalimu Bushra hakujua kitu ambacho mtoto wa Muheza anakijua, ilikuwa kuwapa maneno ya kutosha kufika hadi Zanzibar. Lakini nilikuwa nimelilinda jina la nyumba yangu kwa miaka yote kwa sababu najua mtu akilipoteza halipati dukani. Spès naye alikuwa na jina, moja tu, na mimi ndiye niliyelichafua.

Alhamisi nilimpitia. Aliingia kwa Saida akiwa amevaa kitambaa kichwani, akavua viatu, akaketi karibu na mlango. Wanawake waliitikia salamu yake huku wakinitazama mimi. Yasini iliposomwa ikaisha na kabla chai haijamiminwa, nilisimama.

"Mwezi wa saba nilisema humu ndani kwamba Spès ameua mwaridi wa marehemu. Haikuwa kweli. Alichong'oa kilistahili kung'olewa, na alichokilaza kilistahili kulazwa. Mti mnaousifia ni kazi yake. Mimi nililea chipukizi la pori, na nilipojua, nikakaa nanyi hapa Alhamisi nzima bila kusema. Yeye anaijua kazi hii kuliko mimi."

Saida alishikilia birika hewani.

"Mwalimu," alisema mwishowe, "lile refu la kijani ulilotupeleka kulitazama, lenye utepe?"

"Ndilo."

"Na mimi nililisomea dua."

"Labda ndiyo maana lilirefuka vile," Spès alisema pale mlangoni.

Kicheko kilichotoka pale kilikuwa kikubwa, na sehemu yake kubwa ilikuwa juu yangu. Niliketi nikakiacha kipite.

Saida aliweka birika chini. "Haya, Spès. Kwangu unakuja lini? Ua wangu umekuwa msitu, nyoka akija nitamlaumu Mwalimu."

Spès hakufanya haraka. "Dada Saida, wewe ulinifukuza kwa simu."

"Nilikufukuza kwa maneno ya Mwalimu."

"Mwalimu amerudisha ya kwake. Ya kwako bado."

Saida alitazama mikono yake, kisha akasema kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, "Nisamehe, Mama Ariane. Nilipaswa kukuuliza wewe kwanza."

"Jumanne," Spès alisema.

Wale wanne wengine walifuata, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alipewa siku yake baada ya kusema lake.

Mwaridi ulichanua siku tisa kabla ya harusi. Tulijaza masinia manne, na asumini tukaichuma kwenye nyua za Kensington, ile inayotambaa huku kila mahali majira ya kuchipua. Wanawake walipoketi mkekani kutunga maua, mama mkwe wa Ummi aliligeuza waridi mkononi akatazama ile manjano ya nyuma, akauliza ni nani anayeutunza mti wa namna hii. Nilifungua mdomo, lakini Ummi alinitangulia, kwa Kiswahili chake cha Rumonge: "Ni huyu mama hapa, Mama Ariane." Mama mkwe alisogea akampisha Spès nafasi kando yake, akaanza kumuuliza kuhusu mwaridi wake mwenyewe uliokataa kuota kule Unguja. Walizungumza mpaka sindano zikasahaulika.

Leo Spès ana bustani kumi na moja. Nyingine ni za watu ambao hata siwajui, waliosimama mbele ya ukuta wetu wakauliza. Mwezi wa saba mwaka huu nilimpigia simu nimwambie msimu wa kupogoa umefika. Akanijibu kwa heshima kabisa kwamba anajua, ila siku zake zimejaa, na zamu yangu ni baada ya wiki mbili. Nilimwambia hakuna shida, Mama Ariane. Nikangoja zamu yangu.